Nani Alimkausha Nyoka

Mama Pasi hakumpenda yule nyoka, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Hili liwekwe wazi tangu mwanzo, maana ndilo lililomponza. Ukishasema hadharani kwamba kitu fulani hukipendi, siku kitu hicho kikiharibika hakuna anayejisumbua kuchunguza. Kidole kinaelekezwa kwako moja kwa moja. Angekuwa mnafiki, akajifanya kumbembeleza yule chatu na kumwita mwanangu, asingeguswa na mtu.

Jina la Mama Pasi alipewa na wateja. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikigeuza mahali pa kunyooshea nguo: meza ndefu iliyovikwa blanketi, kamba ya kutundikia hangeri kutoka ukuta hadi ukuta, benchi la wateja karibu na mlango, na pasi nzito ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, akinyoosha sare za wauguzi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Huko ndiko alikojifunza kwamba sare ikiwa na mkunjo anayelaumiwa ni mpigaji pasi, hata kama mwenye sare aliikalia njiani. Alikuwa mwepesi wa kusema na mzito wa kusahau, na mkono wake ulikuwa wa uhakika. Nguo ikitoka kwake unaweza kuivaa mbele ya hakimu.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Huyu alikuwa mpole, mcheshi, asiyejua kununa. Watu walimpenda kupita kiasi. Aliweza kwenda kutengeneza friji ya mtu, akaiacha inanguruma kuliko alivyoikuta, na bado mwenye nyumba akamsindikiza hadi barabarani akimshukuru. Mama Pasi aliishi na mtu huyo miaka mingi na alimpenda pia, ila mara nyingine alijiuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angeunguza kola ya mtu. Jibu alilijua, na halikumfurahisha.

Nyoka aliletwa na mziwanda wao, binti aliyekuwa na huruma ya kila kiumbe isipokuwa mende. Alikuwa chatu mdogo wa kahawia mwenye mabaka meusi, mpole, akiguswa tu anajiviringisha kama mpira. Fundi Baridi alimpa jina la Mpangaji, kwa sababu alikuwa na chumba chake, taa yake na maji yake, na hakuna mwezi aliobisha hodi kuleta kodi. Mziwanda alimwekea sanduku la kioo, refu kama kabati la viatu, kwenye kona ya chumba cha mbele palipokuwa na soketi nzima.

Ndani ya sanduku upande mmoja palikuwa na taa ya joto na chini yake jiwe bapa. Upande wa pili palikuwa na gogo lenye tundu na bakuli la maji, na chini kote pametandazwa maganda ya miti. Nyoka hajitengenezei joto, mziwanda aliwaeleza wazazi wake. Akihitaji joto anakwenda kwenye jiwe, likimzidi anarudi kwenye gogo, kwa hiyo lazima pande zote mbili ziwepo. Na hewa isiwe kavu, hasa macho yake yakianza kuwa meupe kama yametiwa maziwa, maana hiyo ndiyo dalili kwamba anataka kujivua gamba. Ukutani mwa sanduku kulikuwa na kipimo cha unyevu chenye sindano, na sindano hiyo ilitakiwa isitoke kwenye eneo la kijani.

"Akikosa unyevu gamba linakatikakatika," alisema. "Linang'ang'ania machoni. Likibaki hapo mara kwa mara, anapofuka."

Kisha mziwanda akapata kazi mji mwingine, na mwenye nyumba wa huko akasema mbwa sawa, paka sawa, nyoka hapana. Basi Mpangaji akabaki kwa wazee. Binti aligawa kazi kabla ya kuondoka: baba ashike joto, mama ashike maji, kwa kuwa mama anashinda na chupa ya kupulizia mkononi. Mama Pasi alisema hataki. Alisema pia kwamba yeye si mlezi wa nyoka, na kwamba siku akimkuta nje ya kioo asilaumiwe kwa litakalotokea. Kisha akaisuuza chupa yake ile ya kunyunyizia nguo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, isije ikabaki harufu ya wanga wa kukakamazia nguo, akaanza kazi.

Akaifanya kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi na kila jioni baada ya kuizima. Alifungua kidirisha cha juu cha sanduku kwa ncha za vidole, akapulizia huku kichwa amekigeuzia upande, akafunga. "Kunywa, shetani wee," alimwambia, na hakukosa siku hata moja. Kutompenda mtu ni jambo moja, na kumnyima maji ni jambo jingine kabisa. Anayechanganya hayo mawili hana adabu.

Macho ya Mpangaji yakawa meupe. Rangi yake ikapauka, akaacha kula, akajifungia kwenye gogo. Fundi Baridi alikaa na simu tayari, akitaka kumpiga picha anapotoka kwenye gamba lake zima kama mtu anavyovua soksi. Badala yake asubuhi moja walimkuta amejaa vipande, kimoja shingoni, kingine ubavuni, vingine vinaning'inia mkiani, kama ukuta wenye matangazo ya zamani yaliyobanduka nusunusu. Machoni utando ulikuwa palepale. Alipogongewa kioo aligeuza kichwa upande usio sahihi. Fundi Baridi alipiga picha hiyo pia, akamtumia binti yake.

Simu ililia katikati ya kazi. Mama Pasi alikuwa na mashati meupe ya mwalimu mezani, na mwalimu mwenyewe amekaa kwenye benchi pamoja na muuza maua aliyekuja kuchukua gauni. Fundi Baridi, aliyekuwa akifungua mota ya friji sakafuni, alipokea simu akaiweka spika, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta.

"Mama yupo?" binti akauliza. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. "Mama, maji unampulizia kweli?"

"Asubuhi na jioni."

"Wewe mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Kwa mguu," Mama Pasi akasema. "Unaniuliza nini, mwanangu?"

"Nauliza kwa sababu gamba halikatiki hivyo kama mnyama amepata maji. Mimi naona picha hapa. Huyu alikuwa kwenye ukavu siku nyingi. Mama, nisikilize, sikukasirikii, ila sema ukweli. Tangu mwanzo hukumtaka."

"Ukweli nimeshasema."

"Basi unyevu ulikwenda wapi?"

Mama Pasi alimtazama mumewe, akingoja aseme lile neno moja. Mumewe alimwona kila siku akipulizia. Fundi Baridi alijifuta mikono, akatabasamu lile tabasamu lake la kupatanisha watu, akasema, "Mwambie tu mtoto, mama. Kama kuna siku ulisahau, ulisahau. Sote binadamu."

Mwalimu alianza kuvikagua viatu vyake. Muuza maua alikohoa. Mama Pasi aliinua pasi kabla shati halijaungua. Angetukanwa na mteja angejua pa kuanzia, lakini hapa aliyemtia hatiani alikuwa mwanawe, na aliyemwombea msamaha wa kosa asilolifanya alikuwa mumewe. Angependa mtu mmoja tu kati ya wale wanne amuulize upande wake.

Maneno hayakuchelewa kutoka. Kabla wiki haijaisha, mteja asiyemjua vizuri alimuuliza kwa sauti ya kuchekacheka kama ni kweli anamuua nyoka wa mwanawe kwa kiu. Mwingine alimpongeza, na huyo alimuudhi zaidi. Mziwanda akawa anapiga simu kwa baba peke yake. Salamu za mama zikawa zinapitia kwa baba, "Mwambie mama namsalimu," na Mama Pasi alizisikia kutoka mezani, hatua chache tu, akaendelea kunyoosha. Fundi Baridi alikuwa na huruma naye. Alimletea chai, akamwambia asijali, mtoto atasahau. Kila alipomwambia hivyo Mama Pasi alitamani kumwagia hiyo chai.

Ilikuwa Ijumaa hasira ilipompa akili. Binti alikuwa amesema atafika kesho yake kumshughulikia nyoka. Mama Pasi aliona kwamba akingoja watu wamwamini atangoja hadi azeeke, basi akaamua kulitazama jambo lenyewe. Alipulizia kuliko kawaida, hadi kioo kikawa ukungu mtupu, na safari hii hakugeuza kichwa. Sindano ilipanda ikaingia kwenye kijani. Akarudi kwenye rundo la mashuka. Alipomaliza rundo alikwenda kutazama tena. Kioo kilikuwa kikavu, kinang'aa, na sindano imeshuka hadi chini.

Alisimama pale na shuka begani. Nguo ukiinyunyizia maji ukaikunja, kesho yake utaikuta bado na ubichi wake. Maji hayaondoki tu chumbani kama mgeni aliyeudhika. Kuna kitu kiliyanywa, na kwa hali aliyokuwa nayo, huyo nyoka hakuwa mnywaji wa kiasi hicho.

Alivaa glavu za jikoni. Mkono wake haukuwahi kuingia ndani ya sanduku lile. "Usijaribu," alimwambia Mpangaji. "Leo mimi na wewe tuko upande mmoja." Nyoka alikuwa kwenye jiwe na hakujisumbua. Mama Pasi alisogeza gogo, akafukua maganda ya miti, akashika kitu kilichonona. Alikivuta. Ilikuwa soksi ya mumewe, imejaa, imefungwa mdomo kwa waya ule mwekundu anaofungia kila kitu nyumbani humo. Alifukua tena akapata ya pili. Ndani mlikuwa na punje ndogo, za soksi moja zimekuwa za waridi, za nyingine bado za buluu. Alizijua. Mumewe hutumia punje hizo kazini kukaushia mabomba ya friji. Zikiwa za buluu zina kiu, zikishalewa maji hugeuka waridi, naye huzikausha juani akazirudisha. Akazunguka nyuma ya sanduku, akakuta kifeni cha friji kimebanwa kwenye matundu ya hewa, kinazunguka taratibu, kinatoa nje kila kilichokuwa ndani.

Hakuhitaji kuelezwa. Kwa fundi wa friji unyevu ni adui. Tone moja likibaki kwenye bomba linaganda, linaziba, kazi yote inakufa, na kioo kinachotoka jasho maana yake kuna ubovu. Mumewe aliona sanduku linatoka jasho kila asubuhi na jioni, akalitengeneza. Mke akijaza, mume anachota, kila mmoja kwa uaminifu mkubwa, na katikati yao mnyama anakauka. Tena mumewe hakumficha mtu. Aliona tu kwamba urekebishaji mdogo kama huo hauhitaji kutangazwa, na walipoanza kutafuta mkosaji haikumjia hata mara moja kuwa angeweza kuwa yeye. Hilo ndilo lililomchoma Mama Pasi. Yeye alilazimika kuthibitisha kwamba alifanya kazi yake. Mumewe hakuwahi kuulizwa hata swali moja.

Alichomoa kifeni, akaweka soksi kwenye kabati lake la nguo, akapulizia maji upya. Jioni mumewe aliporudi hakumwambia kitu. Tukisema alikuwa na subira tutakuwa tunasema uongo. Alikuwa anangoja mashahidi.

Mziwanda alifika Jumamosi asubuhi na begi mgongoni. Alimkumbatia baba yake. Kwa mama alisema shikamoo akielekea kwenye sanduku. Waliandaa beseni la maji ya uvuguvugu, na Mama Pasi ndiye aliyeyapima kwa kifundo cha mkono, kama alivyopima ya huyo binti alipokuwa mchanga. Nyoka akalazwa humo ndani ya foronya, kisha akapitishwa kwenye taulo bichi mkononi mwa mziwanda. Vipande vikaanza kuteleza, vya shingoni, vya ubavuni, na kile kilichokuwa kimeubana mkia. Fundi Baridi alishika taa.

"Machoni hatuvuti," binti akasema. "Ukivuta kwa nguvu unaweza kuharibu jicho lenyewe." Alifuta polepole kwa kitambaa. Utando wa jicho la kulia ukaachia, na chini yake likatokea jicho jeusi, safi. La kushoto halikuachia. Alijaribu tena, akaacha. "Hili litangoja gamba lijalo. Akipata unyevu wa kutosha litatoka. Asipopata, basi." Akavuta pumzi. "Mama, ungesema tu huwezi. Ningemtafutia pengine."

Mama Pasi alikwenda kabatini akarudi. Akaweka mezani soksi mbili na kifeni.

"Zilikuwa chini ya gogo," akasema. "Kifeni kilikuwa nyuma. Mimi soksi za kiume sivai."

Fundi Baridi alizitazama soksi zake, akatazama sanduku, na uso wake ukabadilika kidogokidogo kadiri lilivyomwingia. "Kioo kilikuwa kinatoka jasho," akasema. "Nikajua mlango hauzibi. Nikasema unyevu ukizidi kutaota ukungu, taa itapiga shoti." Akakaa kitini. "Kumbe nilikuwa namkausha mimi."

Na mziwanda akacheka. Haikuwa dhihaka, kilikuwa kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akamtia baba yake mkono begani. "Baba na ufundi wako, jamani. Siku moja utatutia gesi sisi kama friji."

Fundi Baridi naye akaanza kucheka, kwa aibu. "Basi," akamwambia mkewe, "yameisha, mama."

"Yameisha kwako," Mama Pasi akasema.

Hakupaza sauti. "Mimi nimesemwa kwa spika, wateja wangu wamekaa hapo. Nimeitwa mwongo nyumbani kwangu. Nimenyimwa salamu na mtoto niliyemzaa. Nimeulizwa na watu nisiowajua kama ninaua kwa kiu. Hayo yote kwa kosa ambalo sikulifanya. Huyu amelifanya, kila siku, kwa mikono yake, na ameadhibiwa kwa kicheko. Nataka mnieleze tofauti yetu."

Binti aliondoa mkono wake begani kwa baba. "Mama, samahani. Kweli, samahani."

"Nimesikia. Lakini hukunilaumu hapa kwenye beseni. Ulinilaumu mbele ya watu. Mwalimu anakuja jioni kuchukua mashati, na muuza maua anakuja kuchukua pazia. Hao hao. Mtasema mbele yao, na wewe, baba watoto, ndiye utakayeanza."

Fundi Baridi alikumbuka ghafla kwamba kuna friji inamngoja mahali. Mama Pasi alisogeza benchi, akaliweka mbele ya mlango, na yeye akakaa.

Jioni walikuja. Mwalimu alikaa mahali pake, muuza maua pembeni yake, na wateja wengine wawili wamesimama. Mama Pasi alikuwa mezani, anamalizia kola ya mwisho. Fundi Baridi alisimama katikati ya chumba akiwa amevua kofia. Alianza na habari za mabomba, na jinsi unyevu unavyoganda, na kwamba kioo kikitoka jasho fundi hawezi kunyamaza.

"Fupisha," Mama Pasi akasema bila kuinua macho.

"Aliyemkausha nyoka ni mimi," Fundi Baridi akasema. "Mke wangu alimpa maji kila siku. Mimi nikawa nayaondoa. Siku ile kwenye simu nilisema labda alisahau. Hakusahau."

Wateja walitazamana. Mwalimu akapiga goti lake kwa kiganja, uso umemchangamka. "Ah, kumbe fundi! Sasa wewe nawe," akasema, "lakini si nia ilikuwa nzuri?" Muuza maua akasema hata mumewe aliwahi kufanya kitu kama hicho na pampu ya maji. Wakacheka. Mmoja wa wale waliosimama akamshika Fundi Baridi mkono na kumpongeza kwa uungwana wake wa kukiri, na Fundi Baridi akaanza kutabasamu.

Mama Pasi aliiweka pasi chini. Lilikuwa limesemwa lote, kweli tupu, mbele ya watu wale wale, na bado yeye alikuwa amesimama pembeni na mwenye kosa ndiye anayepongezwa.

Mziwanda alikuwa ameegemea sanduku la kioo. Yeye hakuwa anacheka.

"Mwalimu," akasema, "siku ile mama aliposemwa ulikuwa umekaa hapo hapo. Hukusema nia yake ilikuwa nzuri."

Mwalimu alirudi kuvikagua viatu vyake.

"Hakuna aliyesema," binti akaendelea, na sauti ikamkatika. "Mimi mwanawe sikusema."

Mama Pasi alikunja shati la mwisho, mikono ndani, kola juu, akaliweka juu ya mengine na kuyasogeza mbele ya mwalimu. Kisha akaichukua chupa yake ya kupulizia, akampa binti yake.

"Jioni hii zamu ni yako," akasema. "Mimi nimechoka."